Honi ya Treni kwenye Pikipiki ya Mkate

Mama Tanuri alinipa pikipiki ya mkate kwa sababu sili sana na sisemi sana. Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala kama mtu anayechagua ndoo sokoni, akawaambia wafanyakazi wenzangu wote wa bekari, "Huyu hatanilia mkate njiani, wala hatasimama kupiga soga. Anafaa."

Alisahau kwamba mkate wa asubuhi unauzwa kwa koo. Unafika kwenye geti watu wakiwa bado wamejifunika gubigubi, unapaza sauti, mtu anatoka na uso uliovimba kwa usingizi, ananunua, anarudi ndani kukutukana taratibu. Mimi nilikuwa nafika kwenye geti, nasema "Mkate," halafu nasubiri. Sauti yangu ilikuwa haivuki komeo. Walionisikia ni paka waliolala juu ya ukuta, nao si wanunuzi.

Sikuanza jana. Shuleni mwalimu akiita majina nilikuwa naitika "nipo", yeye anaandika sipo. Nilipokuja kuacha shule kweli, nikiwa darasa la tano, hakuna aliyegundua.

Pikipiki yenyewe ilikuwa na honi, tusiisingizie. Ukibonyeza kitufe cha mkono wa kushoto ilitoa mlio kama mbuzi mwenye mafua anayeomba radhi. Kwa hiyo mkate ukawa unarudi. Na kama kuna kitu Mama Tanuri hawezi kukitazama ni mkate uliolala. Akiuona ndani ya boksi la pikipiki anashika kiuno, anapumua kama tanuri lake, anamwita Mungu kwa jina kana kwamba ndiye aliyeshindwa kuununua.

Pembeni kulikuwa na Kipaza. Huyu ni shemeji yake Mama Tanuri, mdogo wa marehemu mumewe, na alikuwa anauza mkate kwa baiskeli upande wa pili wa barabara kuu. Aliitwa Kipaza kwa sababu akikunong'oneza siri, mtaa wa tatu wanacheka. Akiuza anaimba: "Mkateee! Laini kama kitambi cha bosi! Toka na nguo ya kulalia, sitazami!" Naye anatazama. Aliitamani pikipiki yangu mpaka akiipita anaipapasa kiti kama mtu anayepapasa mgongo wa ng'ombe atakayemchinja.

Siku moja Mama Tanuri akaniita kando ya mifuko ya unga. "Mwanangu, nakupenda, lakini na mkate naupenda. Ukirudi tena na mkate kwenye boksi, pikipiki inakwenda kwa shemeji. Wewe utarudi kwenye kusugua trei."

Nikasema, "Sawa, Mama." Hakusikia, akadhani nimenuna.

Kusugua trei si kwamba nilikuwa sikuwezi. Lakini kwenye trei mnakaa wengi kuzunguka karai moja, na kila baada ya muda mtu anakugeukia: "Mbona umenyamaza? Una nini? Umeachwa?" Juu ya pikipiki hakuna anayekuuliza kwa nini umenyamaza. Kila mtu aliye juu ya pikipiki amenyamaza. Upepo unapiga, unapokea jua la kwanza usoni, huna deni la kusema neno na yeyote. Sikuwahi kuwa na mahali pengine ambapo nilitosha vile. Nikaona afadhali nifanye jambo kabla Kipaza hajakikalia kile kiti.

Jioni ile ile nikaipeleka kwa Mjomba.

Mjomba ni kaka yake mama, fundi pikipiki, na gereji yake ni paa la mabati lililosimama mahali ambapo barabara inaanza kuinama. Sikio lake la kushoto lilikufa zamani kwa kusikiliza injini kwa karibu, na lililobaki linapenda kelele. Kitu kingine cha kujua kuhusu Mjomba ni waya. Kuna wakati alipata bunda kubwa la waya wa njano, sikuuliza wapi, na tangu hapo pikipiki zote za mtaa wetu zina mishipa ya njano. Taa ya mbele, njano. Taa ya nyuma, njano. Honi, njano.

"Sasa Mjomba unajuaje upi ni upi?" mteja mmoja aliwahi kumuuliza.

"Daktari akikupasua," Mjomba akamjibu, "anakuta mishipa yako imepakwa rangi?"

Pikipiki yangu alishaifanyia kazi kabla. Ufunguo ulipovunjikia ndani ya tundu lake, Mjomba alilitoa tundu lote akaunganisha waya kwa waya. Kwa hiyo haikuwa na ufunguo kabisa. Kuiwasha unapiga teke, kuizima unaiweka kwenye gia na kuachia klachi mpaka injini ikwame na kufa. Kuhusu wezi, Mjomba alisema mwizi mwenye akili hawezi kuitaka, na asiye na akili hawezi kuiwasha.

Nilimweleza shida yangu nikiwa upande wa sikio zima. Akanisikiliza, akatikisa kichwa kwa huzuni kana kwamba nimemwambia nina ugonjwa, kisha akaingia ndani na kutoka na boksi lenye picha ya treni.

Ndani mlikuwa na honi mbili nyekundu zilizojiviringa kama konokono. "Aliyeniagiza hizi ni dereva wa basi," Mjomba akasema. "Nilipomjaribishia mlio, akaniambia ana mtoto mchanga, akaondoka. Mpwa wangu, hizi zilikuwa zinakusubiri wewe."

Akaing'oa honi ya zamani, ikatoa sauti ya mwisho ya kusikitisha, akaitupa kwa kuku. Mpya akazifunga kwa bolti chini ya tangi, moja huku na nyingine kule, pikipiki ikawa kama imeota mapafu. Kisha akanionyesha kidude cheusi kidogo kama jino bovu.

"Hii ni rilei. Honi hizi zina njaa ya umeme. Kitufe chako kikizilisha chenyewe kitaungua. Kwa hiyo kitufe kinaiamrisha rilei tu, rilei ndiyo inabeba mzigo. Kama Mama Tanuri. Umewahi kumwona anabeba gunia?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi umeelewa umeme."

Kilichobaki ni kuupata waya wa kitufe ndani ya lile rundo la njano chini ya kiti. Mjomba akaingiza mkono, akafumba macho, akapapasa kama anayemtafuta kuku kizani. Akavuta mmoja, akaumenya kwa meno, akaugusisha ulimi, akatabasamu. "Ndiye huyu."

Akaunganisha, akaviringisha utepe wa plastiki. "Panda. Nikisema sasa, bonyeza."

Nilipanda. Pale gerejini pana mteremko na pikipiki ilitaka kwenda mbele. Mimi mtu wa kuogopa kelele nilikuwa nimekaa juu ya honi ya treni. Mjomba aliposema "Sasa!" nilifumba macho nikabana kila kitu kilichokuwa mikononi mwangu, kitufe, klachi na breki.

Sijui niwaelezeje ule mlio. Haukuanza. Ulikuwepo tu, pande zote, kama ulikuwa umejificha pale tangu dunia iumbwe. Kuku waliruka mpaka juu ya mabati. Fundi viatu wa jirani alipiga nyundo kwenye kidole badala ya msumari, akataja kiungo cha mama wa mtu ambacho hakitajwi mchana. Mjomba alifuta chozi.

"Nenda ukauze mkate," akasema.

Nikaondoka. Hatua chache chini ya gereji kuna tuta. Nikashika breki, na ule mlio ukatoka tena. Sikuwa nimegusa kitufe. Nyuma yangu Mjomba alipunga spana juu. "Nimesikia, mpwa! Usinishukuru sana!"

Nikaachia breki, kimya. Nikabonyeza kitufe, kimya. Nikashika breki, na watu wakatoka madukani. Waya alioumenya Mjomba haukuwa wa kitufe, ulikuwa wa taa ya breki.

Nikageuza kwenda kumwambia. Lakini kusimama mbele yake ilibidi nishike breki, na kwenye ule mteremko sikuweza kuiachia. Mjomba alikuwa anacheka na kuziba sikio lililo zima, watu wamejaa, yeye anawaeleza kwamba hiyo ni kazi ya mikono yake, ni honi ya treni, sasa wataujua mkate ni nini. Nilisema, "Mjomba, inalia kwenye breki." Nilisema tena. Alikuwa amenigeuzia sikio lililokufa na macho ya watu wote yalikuwa juu yangu. Nikaona bora niende zangu nyumbani.

Ndipo nikajifunza kuendesha bila breki. Jambo lenyewe ni hivi: unaachia mafuta mapema, unashusha gia, injini inajizuia yenyewe na pikipiki inapunguza mwendo kama mtu aliyekumbuka kitu. Nilifika nyumbani nimelowa jasho, lakini nimefika kimya.

Asubuhi nikapakia mkate kwenye boksi la nyuma nikaanza na Bibi wa Geti la Kijani. Mbele ya geti nikashika breki.

Bibi alitoka na kiatu kimoja. "Nani amekufa?"

"Mkate," nikasema.

"Kumbe mkate!" Akanisogelea, akanitazama. "Siku zote hizi ulikuwa unapita?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mjukuu wangu, mimi nilidhani umeolewa." Akanunua miwili kwa furaha ya kuonana.

Niliposimama kwenye geti la pili, wa pili akatoka. Kwenye la tatu, wa tatu. Hapo ndipo nilipoelewa alichonifanyia Mjomba bila kujua. Honi ya kitufe unaipiga njia nzima na watu hawajui unamwita nani. Hii yangu ililia mahali niliposimama tu, na mimi nasimama kwa wanunuzi tu. Asiyenunua namtelezea kwa gia kama mvuke. Mtu akisikia honi inalia, ujue inalia kwake.

Isipokuwa kwa Nesi. Nesi anafanya kazi usiku na analala asubuhi, na serikali ya mtaa katika hekima yake ilimwekea tuta chini ya dirisha la chumba. Siku ile ya kwanza tuta lilinishtukiza nikashika breki. Alitoka na shuka begani na nywele zimesimama.

"Mdogo wangu," akasema kwa upole wa kutisha, "ukipiga hicho kitu hapa tena nitakudunga sindano usiyoandikiwa."

Tangu siku ile tuta la Nesi nalipanda kwa gia ya pili, nimebana pumzi, kama ninayetoka kuiba.

Mwisho kabisa, chini ya mteremko mrefu, kuna kituo cha polisi. Kantini yao ndiyo mteja mkubwa kuliko wote. Pale sikutaka kelele, maana polisi nao ni watu wa kuamka vibaya. Nilikuwa nateremka kwa gia ya kwanza, nakipita kituo, nageuka pale chini penye tambarare, napanda hadi mlangoni na kuiacha injini ifie kwenye gia. Hakuna askari aliyewahi kuisikia ile honi kwa karibu. Waliisikia kwa mbali tu, wakadhani ni kiwanda.

Mkate ukaacha kurudi. Siku ya kwanza Mama Tanuri alifungua boksi, akaingiza kichwa chote, akaligeuza juu chini akalitikisa. Zikadondoka chenga. Akanikumbatia mpaka nikapiga chafya ya unga.

Kipaza hakufurahi. "Shemeji, usidanganyike," akasema mbele ya wote, na Kipaza akisema mbele ya wote anamaanisha hata waliolala. "Anayeuza si huyu binti. Ni honi! Mfungie mbuzi honi ile, mbuzi atauza. Sasa fikiria honi ile na koo hili viko kwenye pikipiki moja. Utaoka mara mbili!"

Niliona kwenye uso wa Mama Tanuri kwamba lile wazo la kuoka mara mbili limeshaingia na kuvua viatu.

"Kesho shemeji atabeba," akasema. "Kwa majaribio tu. Akimaliza mkate na asiniletee lawama, basi tutazungumza. Mwanangu, wewe kesho pumzika. Usugue trei."

Usiku ule niliyapanga maneno yangu. Asubuhi Kipaza akaja amevaa buti, glavu na miwani ya jua, na jua lenyewe halijatoka.

"Kaka," nikasema, "hizo breki..."

"Breki nazijua tangu wewe unaota meno."

"Ukizishika zina..."

"Mdogo wangu, pikipiki ni pikipiki. Nimeendesha za kila aina. Hata ya padri nimeendesha. Isukume nyuma kidogo."

Nikajaribu mara ya mwisho. Nilimsogelea kabisa, nikasema, "Kaka, usiachie gia kwenye mteremko." Lakini alikuwa amekwishapiga teke injini na anaimba, "Mkateee! Aliyelala na aamke!" akatoka getini. Pale getini ni tambarare, hakuhitaji breki.

Nikakaa kando ya karai. Mwenzangu akanigeukia mara moja. "Mbona umenyamaza?"

Halafu tukaisikia. Mara moja, fupi.

"Hapo ni kwa Nesi," nikasema.

Ikalia tena, ndefu kidogo. Amesimama atazame nini kimetokea. Amesimama kwa breki, chini ya dirisha.

"Bado yuko kwa Nesi."

Mama Tanuri akaacha kuhesabu trei. "Unajuaje?"

Kabla sijamjibu, upepo ulileta sauti ya mwanamke. Maneno hayakufika vizuri, lakini yaliyofika yalitosha kumfanya mchomaji wetu wa tanuri, mtu wa dini, ajifanye anakohoa. Kisha honi ikaanza upya na safari hii haikuisha. Ililia, ikazidi kulia, ikawa inakwenda mbali polepole.

"Sasa hiyo nini?" Mama Tanuri akauliza.

"Mteremko." Nilikuwa nimesimama na brashi mkononi bila kujua. Kipaza akiazima pikipiki ana tabia ya kuokoa mafuta. Akiona barabara inainama anaachia gia, pikipiki inajiteremkia yenyewe, yeye anaizuia kwa breki tu. Na mteremko ule ni mrefu.

"Mbona haimalizi?"

"Mteremko haujaisha, Mama."

Ikafika mahali mlio haukusogea tena. Ulikaa pale pale, umeganda. Nilijua ni wapi.

Simu ya Mama Tanuri ikaita. Akaiweka kwenye spika, na bekari nzima ikazunguka. Sasa tukawa tunaisikia honi mara mbili, ndani ya simu na nje kwenye upepo.

"MAMA!" Alikuwa mkuu wa kituo. "HUYU MTU WAKO ANA UGOMVI GANI NA SERIKALI?"

"Mkuu, amefanyaje?"

"AMESIMAMA MLANGONI KWANGU ANANIPIGIA HONI USONI! NIMEMWAMBIA AACHE, ANASEMA AKIACHA ATANIGONGA!"

Nyuma yake tulimsikia Kipaza. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa anapiga kelele na hasikiki vizuri. "Nabonyeza haizimi! Haina ufunguo! Haina ufunguo jamani!"

Nikaiona picha yote. Amesimama na pikipiki imeangalia chini, haina gia, boksi limejaa mkate linaisukuma. Akishika breki honi inalia, akiiachia anaingia ofisini kwa mkuu wa kituo akiwa juu ya pikipiki. Na mkono wa kushoto anakamua kitufe kisichounganishwa na kitu chochote.

Bekari ikalipuka kwa ushauri. "Avute waya!" "Upi? Zote njano!" "Aiangushe!" "Na mkate je?" "Aombe!" Huyo alikuwa mchomaji.

"Atie gia," nikasema.

"Achomoe plagi!" "Ajifanye amezimia!"

"Atie gia ya kwanza."

Mama Tanuri alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, jasho linamtoka, anawaza kantini ya polisi inavyomponyoka. Macho yake yakapita kwangu, yakarudi. Aliuona mdomo wangu unacheza. Akachukua trei tupu akaipiga mezani, ikalia kuliko honi.

"Kimya! Huyu anasema kitu!"

Wote wakanyamaza. Wakanigeukia, na wengine wakasogea, wakainamisha vichwa wanisikie. Sijawahi kutazamwa na macho mengi hivyo. Masikio yaliniwaka moto. Ningetaka kuingia chini ya karai. Lakini pikipiki yangu ilikuwa inalia kule chini na hakuna mwingine aliyekuwa anaielewa.

"Atie gia ya kwanza," nikasema. "Aachie klachi mpaka injini ife. Halafu ndiyo aachie breki. Gia itaishika, haitakwenda."

Mama Tanuri akaiambia simu vile vile, neno kwa neno, kwa ile sauti yake ya kuitia watu chakula.

Honi ikakatika. Ilikatika kwenye simu na kwenye upepo kwa pamoja. Tukasikia shomoro juu ya paa. Ndani ya simu mtu alishusha pumzi, sijui askari au mshtakiwa.

Mama Tanuri akanitazama. "Ulikuwa unajua kwamba honi iko kwenye breki?"

"Nilitaka kumwambia."

"Kwa nini hukumwambia kwa ngu..." Akaishia hapo. Alijijibu mwenyewe, akavua aproni. "Twende."

Njiani akampigia Mjomba. "Wewe fundi gani! Umemfungia mtoto honi kwenye breki!"

"Kwani inalia?" Mjomba akauliza.

"Inalia!"

"Basi tatizo liko wapi?"

Tulimkuta Kipaza ameketi kwenye benchi la kituo, miwani ya jua kwenye paji la uso, amekumbatia kofia yake. Alipofungua mdomo ikatoka hewa. Koo lilikauka kwa kushindana na treni. Alinionyesha kwa kidole na kumwambia Mama Tanuri kitu, na Mama Tanuri akasema, "Ongea basi, shemeji, nani amekukataza?"

Mkuu wa kituo alikuwa mtu mnene mwenye kidole kirefu. "Hii pikipiki itatoka hapa kimya, au haitoki. Sauti moja tu, naiweka ndani, pamoja na mkate wake."

Kipaza akatikisa kichwa kwa nguvu: haiwezekani. Akanong'ona, na safari hii ulikuwa mnong'ono wa kweli, "Haishikiki bila breki. Ina shetani."

Nilipanda. Kama mkuu angeichukua, najua nisingeiona tena, ningezeeka nimeinamia karai. Nikaibana klachi, nikaigeuza pua kutoka mlangoni kuelekea barabarani na kuiacha ijiteremkie yenyewe. Haikuwa imewaka. Nikaachia klachi kidogo, injini ikakohoa ikashika, gia ya kwanza ikaizuia. Nyuma yangu nilihisi kile kidole kimesimama hewani kinasubiri. Nikafika penye tambarare. Kuna mbuzi alikuwa amelala katikati ya barabara na kwa sekunde moja vidole vyangu vya mkono wa kulia vilinyooka vyenyewe kuelekea breki. Nikavirudisha. Mbuzi akanitazama, nikampita kwa ubavu, nikageuka, nikapanda. Mbele ya mlango wa kituo nilipunguza mwendo mpaka injini ikafa yenyewe na pikipiki ikasimama kwenye gia, kama paka aliyekaa chini.

Mkuu akashusha kidole. "Mikate yetu iko wapi?" akauliza.

Nikamfungulia boksi.

"Mwanangu, pikipiki ni yako," Mama Tanuri akasema, halafu akageuka. "Shemeji, karai liko pale pale unapolijua. Na leo hutawasumbua wenzako kwa maneno."

Aliniuliza kama nataka Mjomba aurudishe ule waya mahali pake. Nikasema hapana. Alisikia mara ya kwanza.

Nilimaliza mzunguko jua likiwa limeshapanda. Nesi alikuwa bado amesimama dirishani, macho mekundu, anamsubiri mtu yeyote wa kumlipiza. Nikalipanda tuta lake kwa gia ya pili, bila hata mchakacho. Akanikodolea macho, kisha akafunga pazia, taratibu, kama anayeniheshimu.

Mwisho nikafika kwenye Geti la Kijani. Nikashika breki. Ndege wa mtaa mzima walihama mti.

Bibi akatoka, safari hii na viatu vyote viwili. "Leo umechelewa."

"Samahani, Bibi. Kuna mwingine alipita asubuhi na mkate."

"Huyo nilimsikia," Bibi akasema huku anabonyeza mikate kuchagua iliyo laini. "Sikutoka. Sipendi watu wenye kelele."